Kopo la Blue Band na Itifaki Iliyozingirwa

Fundi cherehani ana bahati moja ambayo wanasiasa hawana: mdomo wake umejaa pini. Mteja akiuliza gauni litakuwa tayari lini, unamwonyesha kwa macho kalenda ya ukutani. Akiuliza kwa nini halikuwa tayari Jumamosi iliyopita, unamwonyesha pini. Kwa miaka ishirini na ushee nimekaa kwenye baraza ya duka moja hapa Kibondo, mguu juu ya pedali, futi shingoni, pini nne midomoni, na hakuna aliyenitarajia niseme neno refu kuliko "inua mkono" na "geuka". Nilidhani nitazeeka hivyo, na siku ya kuzikwa wengine watanisemea.

Kisha mdogo wangu wa mwisho akaposwa.

Posa ikapokelewa, mahari ikazungumzwa, kamati ya sendofu ikaundwa usiku huohuo. Shughuli ikapangwa kufanyika Kasulu kwa shangazi, kwa kuwa huko ndiko mdogo wangu alikosomea ualimu na ndiko wakwe walipo. Michango ikaanza kuruka kwenye simu. Mama yangu, ambaye mpaka leo hajaukubali mtandao wake kubadili jina kutoka Tigo kuwa Yas mwishoni mwa mwaka 2024, alitangaza kuwa mchango wake atautuma kwa Tigo Pesa kama kawaida. "Huyo Yas ni nani? Mbona sijatambulishwa?" Tukamwonyesha kuwa salio ni lilelile. Akalikagua mara mbili, kisha akasema basi sawa, hata mwanamke akiolewa hubadili jina na mapishi yakabaki yaleyale.

Ratiba iliingia kwenye kundi la WhatsApp nikiwa nakula. Namba 14: Neno la familia ya bibi harusi, kaka mkubwa, dakika kumi. Baba yetu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo kaka mkubwa ni mimi. Tonge likanikwama kooni. Dakika kumi! Kwa dakika kumi mimi napinda suruali mbili na chenji nimekurudishia.

"Mbona umenyamaza?" akauliza mke wangu.

"Mimi hunyamaza siku zote."

"Leo umenyamaza kwa sauti."

Hofu yangu ina tarehe ya kuzaliwa. Nilikuwa darasa la sita, na Mwenge wa Uhuru, ule uliowashwa mara ya kwanza kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, ulikuwa unapita wilayani kwetu. Shule ikaandaa ngonjera, yale mashairi ya kujibizana ambayo Mathias Mnyampala aliyaeneza nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Katika ngonjera huwa kuna asiyejua na anayejua. Mimi nilipewa nafasi ya asiyejua, na walimu hawakukosea. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, mwenzangu anielimishe. Tukasimama mbele ya umati, vumbi jekundu mpaka magotini, mabango yanapepea. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mwenzangu akasubiri swali mpaka akachoka, akaamua kujibu hivyohivyo. Umati ukasikia majibu manne mazuri ya maswali ambayo hayakuulizwa, ukapiga makofi, Mwenge ukaondoka. Mimi nilibaki pale mpaka mwalimu aliponishika bega. Mwaka uliofuata nilimaliza shule, nikaenda kwa baba kujifunza kushona, na siku ya kwanza aliponipa pini nishike kwa midomo nikajua nimefika kwangu.

Sasa ili uelewe yaliyotupata, lazima nikuingize jikoni kwetu.

Mke wangu ana kiduka cha dirishani. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa nusu ya lugha yetu imeandikwa kwenye pakiti. Mtoto wa jirani anakuja: "Shikamoo mama, naomba Omo." "Omo ipi?" "Ya Foma." Anampa. Anakuja mwingine: "Naomba Colgate ya Whitedent." Anampa, na Whitedent, inayotengenezwa hapahapa nchini, haijawahi kulalamika kuitwa kwa jina la mwenzake. Kiwi ni dawa yoyote ya viatu, Panadol ni kidonge chochote cha kichwa, Pampers ni nepi yoyote ya kutupa, na nje barabarani kila chombo cha miguu mitatu ni Bajaji, hata kiwe kimetoka China.

Binti yetu wa sekondari, anayependa kupekua simu ya mama yake, alitusomea jioni moja kwamba mengi ya majina haya ni ya watu. Kuna William Colgate, aliyefungua biashara ya sabuni na mishumaa New York mwaka 1806. Kuna Tomáš Baťa, mtengeneza viatu wa mji wa Zlín, aliyeanza mwaka 1894. Kuna Marcel Bich wa Ufaransa, aliyetoa kalamu yake mwaka 1950 akakata herufi ya mwisho ya jina lake isiwasumbue wasemaji. Na cherehani ninayoikanyaga kila siku, nyeusi, maandishi ya dhahabu yamefifia, ina jina la Isaac Singer, Mmarekani aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1851. Kiwi ni ndege wa New Zealand. William Ramsay alianza kuiuza dawa hiyo Melbourne mwaka 1906 akaipa jina la kumfurahisha mkewe, aliyetoka huko. Tukakaa kimya tukiwaza wazee hawa wote wanaoishi nasi chumba kimoja na hawajawahi kuchangia kodi.

"Na Omo," mama akauliza, "yeye ni mtoto wa nani?"

Binti akatafuta, akatafuta tena. "Omo hana baba, bibi."

"Ndiyo maana ana povu."

Ila mwenye nyumba halisi kwetu ni kopo la Blue Band. Siagi yenyewe huisha wiki moja baada ya mshahara wa mtu, lakini kopo halifi. Tunayo saba, yote ya manjano, maandishi yamesuguliwa na steel wool mpaka yamebaki nusu. Moja lina vifungo. Moja lina chumvi. Moja lina sindano, nyuzi na kitambulisho changu cha kura. Moja lina kiporo, na halikai mahali pamoja. Moja lina mbegu za maharage, maana mke wangu haamini mfuko wa nailoni. Kopo la Africafe, lililokuwa la kahawa, lina pilipili ya unga, jambo ambalo mgeni mmoja kutoka halmashauri aliligundua peke yake, asubuhi, na maziwa. Mtu asiye wa nyumba hii akitaka kitu, asisome. Aulize.

Mke wangu aliamua kunitibu. Kwanza akamwita shemeji yangu muuguzi, aliyenieleza kwa upole kama anayempa mtu majibu ya maabara. "Mwili wako, shemeji, hautofautishi chui na mkutano. Ukiogopa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni ili ukimbie, mate yanakauka kwa sababu mwili unaona huu si wakati wa kula. Hujarogwa wala si mgonjwa. Uko tayari kukimbia, ila ukumbini hakuna pa kukimbilia." Akanipa dawa tatu bila kuandika cheti: nitoe pumzi polepole, ndefu kuliko nilivyoivuta, nikariri sentensi ya kwanza tu, si hotuba nzima, na nitafute uso mmoja ninaoujua, niseme na huo.

Mama akaongeza dawa ya nne. Alikua enzi za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru kule Kasulu wakati wa mkoloni, na kila mtu mzima wa Buha ana neno la kusema juu yake. "Yule alisimama akasema mbele ya Wazungu na wazee wa Kiha," mama alisema, "wewe unaogopa watu walioshiba pilau?"

Mazoezi yalifanyika uani. Watoto walipanga benchi, ndoo mbili zilizopinduliwa na kuku waliojileta wenyewe. Kipaza sauti kilikuwa tyubu tupu ya Whitedent iliyofungwa juu ya mpini wa ufagio. Kitinda mimba wetu, miaka saba, ndiye alikuwa emsii: "Sasa tumkaribishe, kwa makofi ya kilo, mheshimiwa Baba!"

Nikashika ufagio. Nikatoa pumzi ndefu. Nikafungua mdomo, na likatoka neno pekee ambalo mdomo wangu umezoea kulitoa mbele ya watu.

"Inua mkono."

Wote wakainua. Mama akainua pia. Mke wangu akaketi juu ya ndoo akacheka mpaka akalilia khanga.

Usiku ule nikaamua kuandika. Mtu asiyeweza kusema anaweza kusoma, nikajiambia. Nikachukua Bic na karatasi za daftari la hesabu, nikaandika kurasa sita. Sikuandika maneno yangu. Niliandika maneno niliyoyasikia kwa wanaosifika: kadamnasi, hafla hii adhimu, fursa hii adimu, pasi na shaka yoyote. Sentensi ya kwanza, ile ya kukariri, ilikuwa ya mheshimiwa kabisa: "Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, wazazi, wakwe, itifaki imezingatiwa." Binti alipoisoma aliniuliza kama "maridhawa" ni jina la mtu. Nikamwambia akalale.

Tatizo likawa wapi pa kuiweka. Katika nyumba yenye watoto wanne, karatasi ni ndege, mashua, na kitu kingine cha haraka zaidi. Nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya kopo la Blue Band lililokuwa tupu, nikalifunga, nikaliweka juu ya kabati nyuma ya mengine. Nililala kama mtu aliyeweka hela benki.

Siku ya safari tuliamka saa kumi alfajiri. Kibondo saa hizo ina baridi ya kukufanya uwaheshimu wafugaji, na ukungu ulikuwa umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuinuka. Hiace ikaja na taa moja. Mke wangu alikuwa amepakia kikapu: khanga za shangazi, chupa ya asali, nguo zangu, na makopo. Nikauliza, "Lile la juu ya kabati limo?" Akajibu, "Limo, la nyuma kabisa." Nikaona mwanga mbinguni kabla jua halijatoka.

Zamani, kutoka Kibondo kwenda Kasulu, makorongo na vumbi vilikupa siku nzima ya kukariri chochote. Sasa hivi kuna barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, ile ya kilomita zaidi ya 260, na lami haina huruma kwa mwenye hofu: unafika kabla hujajiandaa. Tukapita Mvugwe, tukapita Makere wanawake wakipanga mafungu ya ndizi kando ya njia, na kila kibao kilivyopita nilihisi tezi za shemeji zikifanya kazi yake juu ya figo zangu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mapambo ya zambarau na fedha, spika zenye kimo cha mtu mzima, ndafu kwenye sinia na jani la mboga mdomoni, imetulia kuliko mimi. Niliwekwa meza ya pili kulia, kopo likiwa magotini chini ya kitambaa cha meza. Emsii alikuwa na koti linalong'aa na sauti isiyohitaji umeme. Namba 11 ikapita. Namba 12, wakacheza. Namba 13, shangazi alizungumza dakika nne bila karatasi, akaketi kama aliyetoka kuchota maji.

Nikashusha mkono chini ya meza nifungue kopo. Mfuniko ulikuwa mgumu. Nikauvuta kwa kucha upande mmoja, ukatoa ule mlio wake wa kuachia. Nikaingiza vidole kutafuta karatasi, vikazama kwenye kitu cha baridi, laini, cha mviringo, kingi. Nikainua kitambaa nitazame. Maharage. Maharage ya mbegu, mekundu yenye madoa meupe, yamechaguliwa moja moja, zawadi ya mke wangu kwa shangazi. Kopo la nyuma kabisa! Alikuwa ameyapanga upya makopo alipofuta vumbi la kabati, na kilichokuwa nyuma jana kilikuwa mbele leo. Nilimtazama mke wangu upande wa pili wa ukumbi. Alinipungia mkono kwa upendo.

"Na sasa," emsii akanguruma, "tumkaribishe kaka mkubwa wa bibi harusi, fundi maarufu kutoka Kibondo!"

Sijui nilivyofika mbele. Najua nilifika na kopo, kwa sababu mikono ilikataa kuliacha. Nikapewa kipaza sauti halisi, kizito kuliko ufagio. Nikatoa pumzi. Nikatafuta uso ninaoujua. Taa zilikuwa kali, nyuso zote zikawa madoa. Koo likakauka kama unga wa muhogo. Darasa la sita likarudi lote, mabango na vumbi lake. Kisha mdomo, bila ruhusa yangu, ukasema:

"Inueni mikono."

Ukumbi mzima ukainua mikono. Watu zaidi ya mia mbili. Mchungaji meza kuu akafumba macho. Wazee wa upande wa bwana harusi wakavua kofia. Mtu nyuma akasema "Amina" mapema, ili tusichelewe chakula.

Na hapo, mikono ikiwa juu, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Sikuziona nyuso, lakini niliona mikono ya magauni. Sare zote za kamati na za ukoo, kitenge cha zambarau, nilizishona mimi, thelathini na nane, wiki tatu bila kulala vizuri. Ule mkono wa mama wa tatu kushoto nilikuwa nimeulegeza mara mbili kwa sababu ya misuli ya kulima. Ule wa jirani yake una kiraka cha ndani ambacho hata yeye hakijui, maana kitambaa kilipungua. Kwapa la mhasibu wa kamati lilikuwa linaanza kuachia, kama nilivyomwonya. Hawakuwa tena umati. Walikuwa wateja wangu, wamesimama kupimwa.

"Asanteni, shusheni," nikasema. Sauti ikatoka. "Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, wazazi, wakwe, itifaki imezingirwa."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa watoto. Kisha kikapanda meza kuu. Nikatambua nilichosema, na badala ya kufa nikajikuta naafiki: kwa jinsi kamati ilivyojipanga kuanzia mlangoni, itifaki ilikuwa imezingirwa kweli. Nikasema hivyo. Wakacheka tena.

Sasa ikawa lazima niseme kitu kingine, na mkononi nilikuwa na maharage tu. Nikachukua moja, nikaliinua.

"Harage kama hili," nikasema, "lilitaka kutunyima bibi harusi."

Nikawaeleza. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, amekaa uani na mama wakichagua mbegu, na akataka kujua kama harage linaweza kukaa puani. Linaweza. Tatizo ni kwamba halitoki. Na harage likishakaa mahali penye unyevu linavimba, ndiyo maana mbegu huota. Baba aliacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja kwenye cherehani, akampakia kwenye karia ya baiskeli ya Phoenix, mimi nikikimbia nyuma nimeshika viatu vyake, tukaikabili barabara ya hospitali. Kwenye mlima baba akashuka kusukuma. Pembeni alikaa bibi mmoja mzee aliyeuliza mtoto analilia nini. Alipoambiwa hakusema neno. Alifungua kikopo cha Kiwi, na ndani hamkuwa na Kiwi, mlikuwa na ugoro. Akachukua mfinyo, akaupeleka kwenye tundu la pua lililo wazi. Mdogo wangu alipiga chafya iliyosikika ng'ambo ya bonde. Harage likaruka, likampiga baba kwenye kola ya shati.

"Tulikwenda hospitali hivyohivyo," nikaendelea, "na muuguzi alitukaripia. Alisema ugoro ungemfanya alivute harage ndani zaidi, siku nyingine tuje moja kwa moja. Baba akasema ndiyo, dada, tumesikia. Lakini lile harage hakulitupa. Alilitia mfukoni, akalipanda nyuma ya nyumba. Lilizaa. Kila alipokula maharage yale alimwambia mdogo wangu, 'Hawa ni ndugu zako.'"

Nilipofika hapo nikamwona bwana harusi. Alikuwa amejishika pua. Nikamwambia, "Shemeji, tunakupa mwalimu, mpole, mchapakazi, anayeuliza maswali. Akiuliza kitu kama kinaweza kukaa mahali, tafadhali mjibu haraka." Kisha nikasema kwamba baba angependa kusema haya mwenyewe, na kwamba angeyasema vizuri zaidi. Nikanyamaza kidogo, maana koo lilikuwa limekauka tena, ila si kwa adrenalini. Nikampelekea mdogo wangu kopo mikononi. Ikawa imetosha. Baadaye niliambiwa nilitumia dakika nne. Zile sita zilizobaki kamati ilizipeleka kwenye chakula, na nilipongezwa zaidi kwa hizo.

Mke wangu alinisubiri kwenye foleni ya pilau. "Yale yalikuwa maharage ya shangazi," akasema.

"Hotuba yangu iko wapi?"

Akatazama pembeni. Kopo lenye karatasi lilikuwa limebaki Kibondo, mbele kabisa, pembeni ya dirisha la kiduka, na kitinda mimba ndiye aliyeachwa kusimamia biashara pamoja na jirani.

Tuliporudi tulikuta kopo tupu na mauzo mazuri ya karanga. Karatasi za kufungia zilikuwa zimeisha, mtoto akatumia akili. Kurasa sita za maneno adhimu zilikuwa zimetawanyika mitaani zikiwa na umbo la koni. Kwa wiki nzima wateja walikuja barazani na vipande vyao. Dereva mmoja wa Bajaji alinirudishia ukurasa wa pili wenye alama ya mafuta akaniuliza kwa dhati, "Fundi, hii 'pasi na shaka' ni pasi ya mkaa au ya umeme?" Nilitoa pini midomoni ili nimjibu. Nilikuta sina jibu, tukacheka wote, akaniachia suruali ya kupinda.

Miezi mitatu baadaye kopo la manjano lilirudi kutoka Kasulu kwa mkono wa kondakta. Kwetu chombo hakirudi kitupu, na ndani shangazi alikuwa ametia maharage mapya, ya mavuno yake, mekundu yenye madoa meupe. Mke wangu alitoa kikombe kimoja tupike na mengine akayarudisha juu ya kabati.

Jana amekuja mwenyekiti wa mtaa. Kuna mahafali ya darasa la saba, na wazazi wamependekeza jina langu nitoe neno. Nilikubali kabla sijakumbuka kuogopa. Hofu ilikuja baadaye, mwenyekiti ameshafika kwenye kona, moyo ukaanza mbio zake za kawaida. Nikatoa pumzi ndefu. Mke wangu alikuwa dirishani akimpimia mtoto sukari.

"Utaandika safari hii?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana. Siku hiyo nipe kopo moja tu."

"Lipi?"

"Lolote."